Giza la Mwenye Macho

"Nani kaacha mlango wazi?" aliuliza mama mkwe, na mtengeneza gemu akageuka kuutazama mlango wa sebule, kabla hajang'amua kwamba mlango wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta.

Mama alikuwa amekaa mbele ya meza ya mkwewe, hedifoni masikioni, vidole vikiwa juu ya vitufe vinne vilivyobandikwa plasta ili avitambue kwa kugusa. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tii. Ndivyo gemu ilivyokusudiwa: nyumba isiyoonekana, mchezaji anaipita kwa kusikiliza tu, akitafuta pa kutokea. Mkwe aliitengeneza peke yake mwaka mzima na nusu, kwenye kona ya sebule kati ya kabati la vyombo na meza ya kupigia pasi. Kabla yake alikwisha toa saba, ndogo ndogo na za ajabu: moja ya kupanga foleni isiyosogea, nyingine ya kukunja shuka kubwa ukiwa peke yako. Shemeji zake walimwita Mchezaji, na hawakuwa wakimsifu.

Hii ya nane ilikuwa na bahati. Waandaaji wa maonyesho ya gemu ndogo walikubali kuionyesha, mradi iwe imetoka kabla ya saa sita mchana wa siku ile. Na saa tatu ilikwisha pita.

Wazo la kumjaribisha mama lilikuwa la mkewe, muuguzi, alipokuwa akifunga kamba za viatu aende zamu. Alimwambia mumewe kwamba anajenga nyumba ya giza ilhali humu ndani yumo mtu anayeishi gizani, na hajamuuliza hata neno. Kweli. Mama alikuwa mshonaji mpaka macho yalipomzimikia miaka miwili iliyopita. Tangu hapo chumbani kwake alitoka kwa kushikwa mkono, kula na kuoga, basi. Naye mkwe, haya zilimzidi. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, kila mmoja akichelea kumkosea mwenzake.

Sasa mama alipita sebule ya gemu, akaingia ukumbini, akasikia pumzi nzito nyuma yake, kisha mngurumo. Akasimama. Akavua hedifoni, akazilaza mezani taratibu.

"Mwanangu, hii nyumba imekukosea nini?"

Akamweleza kwamba giza lilitakiwa kumtisha mchezaji, ndiyo ladha yake.

"Hili ni giza la mwenye macho," mama alisema. "Wewe ukizima taa unadhani vitu vimeondoka. Havijaondoka. Vipo palepale, vinasema. Ukuta ukikaribia, sikio linaziba kidogo, kama mtu kaweka kiganja. Nyumba yako haina kuta, baba. Ina mashetani tu."

Mkwe akacheka bila kutaka. Mama naye akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza kati yao tangu mama ahamie kwa bintiye.

Lakini saa haikucheka. Angeweza kubofya kitufe, gemu itoke, na hakuna ambaye angejua. Watu wangeogopa, wangesifu. Alikaa akisikiliza kazi yake upya na kila mngurumo ukamtia aibu. Saa tano na nusu aliwaandikia waandaaji kwamba gemu haijaiva. Wakamjibu kwa upole, mistari miwili: nafasi yake watampa mwingine. Akaenda jikoni akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Aliporudi alimuuliza mama kama angemwonyesha hizo kuta. Mama alisimama kabla hajapewa mkono. Wakaizunguka nyumba, yeye mbele akipiga ulimi, ta, ta, akisogea na kusimama, mkwe nyuma na kinasa sauti. Alimwonyesha pazia linavyomeza sauti na kigae kinavyoirudisha. Mkwe akafumba macho ajaribu, akagonga goti.

"Pole," mama alisema. "Hiyo meza haijahama tangu nije."

Mkewe aliporudi jioni na kuelezwa yote, hakusifu wala hakulaumu. Aliuliza tu nani amepika.

Kazi ilichukua miezi mitatu zaidi. Mashetani yakatolewa, kuta zikaingia moja moja, mama akizikagua kama alivyokuwa akikagua mishono. Gemu ikatoka Jumanne moja isiyo na jina, bila maonyesho, na wiki ya kwanza ikapakuliwa na watu arobaini na kitu. Mmoja wao aliandika kwamba njia ya kutokea aliipata mapema, ila hakutoka. Alikaa ukumbini akisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

Mkwe akamsomea mama. Mama akaomba asomewe tena.

"Huyo kasikia," alisema. Kisha akaigusa kompyuta kwa kidole. "Ila nyumba yetu haina nje."

Akainuka, akaufuata ukuta kwa mgongo wa kiganja hadi mlango wa nyuma, akapapasa komeo, akalivuta. Mtaani mtu alikuwa akikung'uta zulia. Baiskeli ilipita ikilia mnyororo. Mkwe akasimama nyuma yake, mikono chini, asimguse.

Mama akainua kidole, asisemeshwe. Akageuza uso upande baiskeli ilikoelekea, na wayo wake, polepole, ukaitafuta ngazi ya kwanza.