Mtoto kwenye Mizani ya Unga

Sisi ni waoka mikate, na mwoka mikate haamini kitu mpaka akipime. Ndiyo maana mdogo wangu alipopata mtoto wa kwanza, na maziwa ya wifi yangu yakagoma kutoka, niliamuru mizani ya unga iletwe chumbani. Nyumba yetu iko nyuma tu ya tanuri. Mtoto alipimwa kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, na baba yake akatangaza uzito dirishani ili wakandaji wasikie. Nao wakajibu kwa pamoja, "Jitahidi, shemeji!"

Uzito haukupanda. Matiti ya wifi yalikuwa yamejaa, magumu, lakini mtoto akivuta hapati kitu. Mtoto analia, mama analia. "Labda mimi sikuumbwa kulea," aliniambia, na roho iliniuma kweli. Mkunga alikuwa ameshasema uzito ukishuka tena, itabidi maziwa ya kopo. Basi tukazidi kumkodolea macho.

Mkunga aliporudi akatukuta tumejipanga ukutani, tunasubiri kama watu wanaongoja mkate utoke motoni.

"Hawa wote wanafanya nini humu?"

"Wanamtia moyo," nikasema. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

"Kunywa, sawa. Ila ng'ombe huyohuyo umpigie kelele wakati wa kumkamua, uone kama hatakubania maziwa."

Akakaa kitandani, akamweleza wifi taratibu. Mtoto akinyonya, titi hupeleka habari kwenye ubongo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, nayo humwaga homoni mbili kwenye damu. Moja hutengeneza maziwa. Ya pili huyasukuma yatoke, na hiyo ya pili ina haya: mama akiogopa au akiaibika, homoni za hofu huifungia njia.

"Maziwa unayo, mama. Umekosa utulivu tu."

Tukafukuzwa, sisi na mizani yetu. Mimi niligoma, shangazi mzima naondoka niende wapi? Nikaruhusiwa kubaki nimkande wifi mgongo kwa kitambaa cha moto, mdomo nimefunga. Kwangu, kufunga mdomo ni kazi kuliko kukanda gunia zima.

Mtoto akavuta, akaachia, akalalama. Wifi akageuza uso dirishani, akashtuka.

"Wifi, hebu mtazame ndugu yako."

Mdogo wangu alikuwa akizunguka uani, amezama kwenye mawazo, mkate wa moto begani, anaupigapiga mgongo upate kucheua.

Wifi alicheka. Alicheka mpaka mabega yakalegea, mpaka mkunga naye akashika ukuta. "Mume wangu," aliita, "huyo naye kashiba?" Maskini akautazama mkate kama ndiyo kwanza anauona.

Hapo nikasikia gulu, gulu. Mtoto anameza! Titi la pili nalo likaanza kuchuruzika lenyewe, likanilowesha gauni langu zuri, nami niliyeambiwa ninyamaze nikapiga vigelegele vya kuezua paa.

Baba mtu akaingia mbio, mkate bado mkononi. "Amepata? Amepata kiasi gani?"

Mtoto alikuwa ameachia titi mwenyewe, mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni. Wifi hakumtazama mkunga, wala mimi. Alimpangusa mwanawe kidevu.

"Ameshiba," alisema, na hakuna aliyebisha.