Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Jaya alitandika blanketi juu ya meza, akazilaza bunduki mbili ubavu kwa ubavu, kisha akatuuliza kama tungekunywa chai. Dada yangu Thérèse alikuwa akizitazama bunduki. Mumewe, Norbert, alikuwa akiutazama mlango. Mimi nilikaa katikati yao, pale ambapo mdogo wa mke hukalishwa siku zote nyumba ikiwa na kesi. Ndege ya Heathrow ilipita juu ya paa, vikombe vikatetemeka kwenye sinia, ikaenda zake. Jaya akamimina chai hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya manyunyu, mwaka 2004, huko Hounslow, nchini kwa Waingereza. Jaya alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mzee mwembamba mwenye sweta lililotoboka viwiko, fundi wa bunduki mwenye kibali, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Tulikuwa tumetoka nyumbani Tottenham asubuhi kwa treni, watatu kimya kama watu wanaokwenda kumtambua maiti. Nilijaribu kuwachekesha njiani, nikashindwa, nikaamua kulala.

Kiapo cha shemeji yangu kanisa zima lilikijua: hakuna bunduki itakayolala chini ya paa lake. Alikuwa na haki ya kuapa. Mwaka 1996, tulipokuwa tukiukimbia mji wetu wa Bukavu, askari mmoja alimpigisha magoti kwenye kizuizi cha barabarani, akamwekea mtutu shingoni, akauacha pale huku akibishana na mwenzake habari za sigara. Walibishana sana. Halafu wakatuambia twende. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Norbert alishtuka miaka yote iliyofuata. Kwenye harusi moja pale kanisani puto lilipasuka, tukamkuta yuko chini ya meza na suti yake mpya, akisema ameangusha kijiko. Tulimsaidia kukitafuta.

Lakini Thérèse naye alikuwepo pale kizuizini, amesimama, mimba ya mtoto wao Keren ikiwa tumboni. Kwake hofu ilichukua njia nyingine. Alikuwa akifanya usafi kwenye klabu moja ya walenga shabaha pembezoni mwa jiji, na mama mmoja wa pale alimkaribisha ajaribu. Usiku huo alirudi na habari ambazo sikuziamini. Kumbe Waingereza wanapanga wanyama wa chuma juu ya reli, kuku karibu, kisha nguruwe, kisha bata mzinga, na kondoo mbali kabisa, halafu mtu anasimama wima bila kuegemea popote, anawaangusha mmoja mmoja kwa kirisasi kisichozidi punje ya haragwe. Nilimwambia kwetu kuku akishaanguka huwa analiwa. Alicheka. Norbert hakucheka.

Walizungumza jikoni, nami nilikuwa nikikatakata sombe, majani ya muhogo, kwa hiyo nilisikia. Norbert alimuuliza mwanamke mwenye akili timamu anatafuta nini kwenye bunduki baada ya yale tuliyoyaona. Thérèse alinawa mikono kwanza, akaikausha.

"Baba Keren, siku zote bunduki ilikuwa mu mikono ya bengine," alisema. "Nimechoka kuiogopa. Nataka niijue."

Norbert alikwenda chumbani akafunga mlango. Simlaumu. Kila mmoja wao alikuwa akijitibu kidonda kilekile kwa dawa yake, na dawa ya mmoja ilikuwa sumu kwa mwenzake.

Miezi ikapita. Polisi walikuja nyumbani kumhoji Thérèse kabla ya kumpa kibali, na shemeji yangu aliwapokea amevaa tai. Sisi tulizoea watu wenye sare wanaokuja kuchukua. Hawa walikunywa maji, wakauliza kama mama analala vizuri, wakalikagua kabati la chuma lililofungwa ukutani, wakaaga. Kabati hilo Norbert alikuwa amelikubali. Kabati tupu halimpigi mtu, alisema. Lakini walikubaliana jambo moja, mbele yangu: Thérèse atafute bunduki ya kumfaa, na Norbert awepo. Asipoipata kwa Jaya, kabati litang'olewa na maneno yataishia hapo.

Maana ukweli ni kwamba Thérèse alikuwa hapati shabaha. Alikuwa amejifunza kwa bunduki za klabu msimu mzima. Kuku waliangukaanguka, nguruwe mara moja moja, lakini kondoo walisimama pale wakimtazama. Alirudi nyumbani amenuna. Norbert alikuwa akimpa pole kwa sauti laini mno, na mimi nilijua anamwomba Mungu mkewe achoke.

Basi, pale kwa Jaya, bunduki ya kwanza ilikuwa nzuri kweli. Kitako chake kilikuwa cha mbao ya kahawia yenye michirizi, kimepakwa mafuta hadi kinang'aa. Thérèse aliinyanyua, akaiweka begani kulia, akainamisha shingo kuifuata darubini. Jaya alimweleza kwamba kwa mtu anayepiga akiwa wima, kitako ndicho kila kitu. Shavu likitulia juu ya mbao, jicho linajikuta mbele ya darubini lenyewe. Ukiona unaitafuta kwa shingo, ujue hiyo si yako. Thérèse aliishusha, akainyanyua tena. Shingo ikatafuta tena.

Norbert alipata nguvu. Akasema bunduki yenyewe ndefu, nzito, na mke wake ana bega linalomuuma kwa kazi. Akasema pia ile ya pili ina mikwaruzo, kitako kinene kama mwiko, na hata imetengenezwa kinyume. Ilikuwa kweli. Komeo lake la kuingizia risasi lilikuwa upande usio wake, na sehemu ya shavu imevimba upande mwingine. Alianza kufunga vifungo vya koti. Nilimwona dada yangu akiitazama sakafu, nikaona uchungu, maana nilimjua: angekubali, angeshukuru kwa chai, na asingelitaja jambo hilo tena maisha yake yote.

Jaya hakuwa na haraka. Alimwambia Thérèse anyooshe mikono yote miwili mbele, akutanishe viganja abakize katundu kadogo katikati, kisha amtazame yeye kupitia katundu hako bila kufumba jicho. Thérèse alifanya hivyo. Mzee alimtazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Jicho yako ya kazi ni ya kushoto, mama," alisema. "Kwa nini wewe nashika kulia?"

Thérèse aliteremsha mikono. Uso ulimbadilika, nami papo hapo nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria tangu utotoni: kitambaa cha kitenge chekundu kwenye kifundo cha mkono wa dada yangu. Mama alikuwa akikifunga asubuhi, mkono wa kushoto unabaki umebanwa kiunoni kutwa nzima. Mimi nilikuwa mdogo, nikadhani ni pambo. Nililia nifungiwe na mimi.

"Nilizaliwa mashoto," Thérèse alisema. Hakuwa akimwambia Jaya. "Mama aliifungaka iyi mukono mupaka ikasahau. Alisema hakuna mwanaume atapokea chakula kwa mukono ya kushoto. Kule klabu waliniuliza nashika wapi, nikasema kulia. Ningesema nini mbele ya bantu?"

Norbert aliacha vifungo. Walikuwa wameoana miaka kumi na minne. Alikuwa amekula kila siku chakula cha mkono ule wa kulia, akausifu, na kumbe ulifundishwa kwa ajili yake kabla hajajulikana hata jina. Ndege nyingine ilikuja ikapita, na chai ikatengeneza utando.

Halafu akamuuliza Jaya kama ile yenye mikwaruzo ina risasi. Jaya alifungua komeo, akamwonyesha kwamba ni tupu. Norbert akaomba kuona tena. Jaya akamwonyesha tena. Ndipo shemeji yangu, ambaye sijawahi kumwona akigusa hata bastola ya maji ya watoto, akaichukua bunduki kwenye blanketi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, nami nilitaka kumwambia aache, inatosha. Alizunguka meza akamfikia mke wake.

"Shika, Mama Keren."

Thérèse alinyoosha mkono wa kulia.

"Hapana," Norbert alisema. "Ule mwengine."

Kwetu huwezi kumpa mtu kitu kwa mkono huo wala kumtaka akipokee nao, ni matusi. Dada yangu alinitazama, kana kwamba mimi ndiye mama yetu. Nikatikisa kichwa kukubali. Alipokea kwa kushoto, akaigeuza, akaiweka kwenye bega la kushoto, na shavu likalala juu ya ile mbao nene. Shingo haikutafuta kitu. Alisimama hivyo akiutazama ukuta wa mwisho wa karakana, akipumua polepole, na Norbert alibaki ubavuni mwake, hakurudi nyuma.

Jaya alitaka kuisafisha kwanza, kwa hiyo tulirudi Tottenham mikono mitupu. Kwenye treni Norbert alilala usingizi mzito, mdomo wazi, nikamwambia dada shemeji anakoroma kama askofu. Safari hii walicheka wote wawili, Norbert alipoamka akasimuliwa.

Jioni Thérèse alipika ugali na sombe. Alimpakulia Keren, akanipakulia mimi, kisha akapakua sahani ya mume wake. Aliishika kwa mkono wa kulia, akasita, akaihamishia kushoto, akamnyooshea. Keren aliendelea kula, hakuona chochote. Norbert aliinuka kitini, akaipokea kwa mikono miwili.