Vipunje vya Kijani

…na kicheko kile cha Raya tena, kile kinachoanzia kooni na kuishia mabegani, ambacho mimi sijamchekesha hata mara moja tangu wajomba zake walipoipokea posa yangu, nami nimechutama mbele ya jiko la mkaa katika ua wao huu wa Mafiga, mwiko mkononi, nakoroga kikaangoni vipunje visivyolika, vile vinavyotiwa kwenye vipakiti ndani ya viatu vipya ili vinyonye unyevu, nimepewa vikiwa vya kijani, maana yake vimeshiba maji, na Raya amenituma nivikaushe polepole mpaka vigeuke rangi ya chungwa, kwa kuwa tanuri la maabara yao halina umeme tangu asubuhi, na yeye yuko pale barazani na Wilfred, mwenzake wa maabara, vichwa vyao vimeinamia kipande kimoja cha kioo, wanasema nini, volti, sifuri nukta… haijashuka, Wilfred, ona, bado haijashuka… na neno hilo analitamka kwa upole ambao mimi nimeutafutia vina mwaka mzima nisiupate, "Mke wangu, hebu shika hapa," anasema Wilfred, anasema hivyo mchana kweupe, na mimi sina budi nicheke, kwa sababu yeye ni Mzigua na sisi ni Waluguru, ni mtani, ana ruhusa ya kumwita mchumba wangu mke wake mbele ya watu wote, na anayenuna ndiye aliyeshindwa, nimecheka, sijui meno yangu yalionekanaje, "Mluguru! Hizo karanga unazikaanga au unaziimbia?" na jibu ninalo, tena lina kina cha kati na cha mwisho, lakini limechelewa, utani haumsubiri mtu apange beti… kioo chenyewe nimekiona, kimepakwa utando mweusi mwembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake ni gogo, unalipokea jua na kulitoa likiwa umeme, tena kwa gharama ndogo kuliko sola tulizozizoea, na adui yake mkubwa ni mvuke wa maji, ukiufikia utando unageuka manjano, umekwisha, wenzao ughaibuni huuhifadhi katika vyumba vikavu, Raya akasema yeye ataufundisha kuishi hapa, chini ya milima hii ambayo haikauki, akaufunika kwa tabaka alilolipata katika majivu ya pumba za mpunga wa Dakawa, tangu masika yaliyopita hana usiku wala sikukuu, na kesho kioo kinapandishwa Uluguru kikakae juu ya paa la zahanati mvua zote, ndani ya kisanduku chake, pamoja na vipunje hivi, vikavu, navyo vimo mikononi mwangu… ananiambia haya yote huku anatazama kando, ila kwa Wilfred anasema nusu sentensi tu na nusu nyingine anaimalizia Wilfred, hilo ndilo linaloniunguza, ile nusu nyingine… na siku tulipomzika baba yake Raya, mimi niliandika maombolezo, beti zimekaa sawasawa, nikazisoma kwa sauti isiyotetemeka, akasema, "Ahsante, Hamza," kama mtu aliyepokea glasi ya maji, kisha akaingia Wilfred, mtani, amevaa koti la marehemu na miwani ya marehemu, akazunguka ua mzima kwa mwendo wa marehemu akiulizia ni nani kaiba miwani yake, na Raya akacheka, akacheka mpaka machozi yaliyogoma tangu kufiwa yakamwagika, watu wakamshukuru Mungu, nami nikasimama na karatasi yangu nikiwa na hasira msibani, ni nani mwingine aliyepata kumwonea mtu wivu msibani… mwiko umesimama, kwa nini umesimama, vipunje vya juu vimeshakuwa chungwa, vya chini bado kijani, nikikitikisa kikaango hivi, kidogo tu, chungwa linabaki juu na kijani kinazama, atachungulia mara moja, atamimina, atafunga, na huko milimani jua litakapokipasha kisanduku kijani kitatema maji yake taratibu, utando utageuka manjano, watasema tabaka limeshindwa, watailaumu mvua, Wilfred atatafuta kioo kingine na mtu mwingine wa kummalizia sentensi, na Raya atakaa barazani hana cha kuinamia, atakuwa na masikio ya kunisikia mimi… nimekitikisa, mkono wangu ndio uliokitikisa, "Hamza, tayari?" na neno limeshapanda ulimini, tayari, jepesi, "Tayari hiyo!" anadakia Wilfred, "naona chungwa toka hapa, na wingu lile linashuka, lete tufunge, bwana," "Mwache," sauti ya Raya, "Hamza hajasema. Yule silabi moja ikipungua anafuta shairi zima, nimemwona mwenyewe. Yeye asiposema, mimi sifungi," "Makubwa! Kumbe mkaguzi ni mumeo?" "Ndiye," anasema, hacheki, wala hainui kichwa, anasema kama anavyosoma volti… ndiye, lini amemwona, huyo Hamza asiyepitisha kilichopungua, amemtazama tangu lini nisijue, amempa kazi yake yote, hata hajainua kichwa kuhakikisha, na mimi nilidhani macho yake yote yako kwa Mzigua, kumbe yalikuwa kwa mtu huyo, aliyechutama hapa hapa, mwenye jina langu, ambaye hangeweza kukitikisa kikaango, na wivu unanirudia upya, mkali kuliko ule wa kwanza, kwa maana Wilfred ningeweza kumchukia na watu wakanielewa, lakini huyu nitamchukia vipi, nitamshinda kwa ubeti gani, posa iliyopokelewa huenda ni yake, kicheko nikawa nakitamani bure wakati yeye alishapewa hili, lililo zito kuliko kicheko, bila kuomba… "Hamza?" na mkono unageuza mwiko kutoka chini, kijani kinapanda juu, kingi kuliko nilivyodhani, "Bado," nasema, na ninajitahidi niliseme kama ambavyo Hamza yule angelisema.