Hakimu wa Spika za Tarumbeta

Watu wa spika walimwita Hakimu, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza spika za watu, madukani na kwenye maonyesho, kisha kuandika gazetini alichosikia. Akiingia chumbani, watu hushusha sauti. Hukaa kiti cha katikati, huvua miwani, hufumba macho na kuinua kidevu kama mtu anayenyolewa ndevu, huku mwenye spika amesimama pembeni akimeza mate. Wimbo ukiisha, Hakimu hutoa neno moja au mawili, basi. "Zina pumzi." Au, "Zinaongea puani." Neno hilo litazunguka jengo zima kabla chai haijapoa, na wengine watalirudia kana kwamba wamelisikia kwa masikio yao wenyewe. Jambo hilo lilimpendeza sana, na hakuna sababu ya kumfichia.

Mwaka huo maonyesho yalifanyika hotelini, kama kawaida. Vitanda vilikuwa vimetolewa, magodoro yamesimamishwa bafuni, na kila mlango ulikuwa na bango la muuzaji wake. Hakimu alikuwa mtu wa spika za tarumbeta, zile ambazo sauti yake hutoka kwenye mdomo mpana kama wa tarumbeta. Wanaozipenda hula kiapo kwamba hakuna spika nyingine inayoweza kumleta mwimbaji chumbani. Wasiozipenda husema zinafoka. Asubuhi ile alipita vyumba kadhaa. Kimoja kilikuwa na tarumbeta nyekundu, pana kuliko mlango ulioziingiza. Ngoma zilikuja na mkono wa mpigaji, lakini matoazi hayakuonekana. Kingine kilikuwa na spika za zamani za jumba la sinema, zimepakwa rangi upya. Fidla ilikuwa nzuri, ila imevishwa soksi. Kila alikoingia alikuta kasoro ileile.

"Mwaka huu wote wamezifunika blanketi," alimwambia mkewe kwenye korido.

"Wote?"

"Wote. Ndiyo fasheni iliyoingia."

Mkewe alimtazama kidogo, akasema anakwenda kutafuta chai. Yeye na spika walikuwa mbalimbali. Alikuja kwa ajili ya mdogo wake tu.

Huyo mdogo wake, shemeji yake Hakimu, alikuwa seremala. Alikuwa ameacha milango na makabati ya jikoni, akajifungia karakanani kutengeneza spika zake mwenyewe. Midomo ya tarumbeta aliiunda kwa mbao, tabaka juu ya tabaka, akaigundisha na kuipiga msasa mpaka ikateleza kama ndani ya bakuli. Mchana ule mwenye duka kubwa la spika angekuja kuzisikiliza. Akizikubali, zitauzwa dukani kwake na kazi itaendelea. Akizikataa, seremala anarudi kwenye makabati. Alikuwa ameshamwahidi mke wake mwenyewe hivyo, bila kona wala chenga. Na aliyemwambukiza ugonjwa huo ni Hakimu mwenyewe. Alipomwoa dada mtu, alikuwa akimkalisha shemeji yake sebuleni na kumfundisha kusikiliza: hapa mpiga gitaa amevuta pumzi, hapa kiti chake kimelia, umesikia?

"Karibu, shemeji," seremala alisema mlangoni. "Sijamfungulia mtu mwingine. Nilitaka uanze wewe."

Alishusha sindano kwenye santuri ya mwanamke anayeimba na gitaa lake. Hakimu alifumba macho. Sauti ya yule mwanamke ilisimama katikati ya chumba, nzito, ya karibu, ya mtu aliyetoka kulia muda si mrefu. Hakimu alifurahi. Alimpenda shemeji yake, na alitaka spika hizi zifaulu kuliko alivyowahi kutaka kwa spika yoyote. Lakini nyuzi za gitaa zilikuwa butu, na maneno ya mwimbaji yalikuja yameliwa kingo.

"Katikati hazina mpinzani," alisema. "Juu ndiko kumefungwa. Fungua kidogo."

Nyuma ya kila spika palikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kuongeza au kupunguza sauti za juu. Seremala alizungusha, wakasikiliza tena.

"Bado."

Seremala alichuchumaa pale nyuma kwa muda, mkono uko kwenye kitufe. "Bado, shemeji?"

"Usiogope, bwana. Fungua."

Akazungusha tena, na tena, mpaka kitufe kikafika mwisho wake.

"Hapo!" Hakimu alijipiga paja. "Sasa zinapumua. Usiziguse tena mpaka maonyesho yafungwe."

"Sawa, shemeji," alijibu seremala, akaenda kufungua mlango.

Wageni waliingia, wakamwona Hakimu kitini anatabasamu, wakajua la kusema. Daktari mmoja wa meno alikunja uso wimbo ulipoanza, akaukunjua haraka. "Uwazi," alisema huku akijipapasa sikio. "Uwazi wa ajabu." Mwanasheria aliyekaa karibu naye alikubali, machozi yakimlengalenga. Bwana mmoja alitoka kupokea simu ambayo haikuwa imeita, na hakurudi. Hakimu aliona chumba kinapungua watu, akadhani njaa imewabana.

Mwenye duka alifika. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu za biashara. Alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, ameuma meno, vidole vimeshika mikono ya kiti.

"Zina nguvu," alisema, akampa seremala mkono. "Tutazungumza."

Maana ya "tutazungumza" katika biashara ile kila mtu anaijua. Seremala alibaki amesimama, anafuta santuri isiyo na vumbi.

"Huyo hana masikio," Hakimu alisema. "Weka wimbo mwingine."

Wimbo ulikuwa umeanza tu mkewe alipoingia na kikombe cha chai.

"Jamani! Mnachinja nini humu ndani?" Alitua kikombe, akaziba masikio. "Zima hicho kitu, mdogo wangu, utatuua."

Seremala akainua sindano.

"Wewe kusikiliza hujui," Hakimu alisema. "Haya, kimya. Umefurahi?"

"Kimya gani? Na huo mlio je?"

"Mlio upi?"

"Huo! Sssss, chumba kizima. Kama sufuria inayotaka kuchemka."

Spika za tarumbeta zina tabia hiyo, hazifichi kitu. Mvumo mdogo wa amplifaya, ambao spika nyingine huumeza, hizi huutoa nje, na sauti za juu zikifunguliwa mpaka mwisho husonya waziwazi. Hakimu alikuwa ameandika juu ya mvumo huo mara nyingi. Aliinuka, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa spika, sikio moja, kisha la pili. Alisikia kiyoyozi. Alisikia viatu koridoni, na mate yake mwenyewe yakishuka kooni. Mvumo hakuusikia. Akageuka kwa shemeji yake ili aambiwe kwamba dada mtu anatia chumvi. Seremala alikuwa anatazama sakafu.

Hapo Hakimu aliogopa, tena sana. Alikumbuka vyumba vya asubuhi na mablanketi yake. Alikumbuka duka alilolihukumu mwezi uliopita, na muuzaji aliyempigia simu akimsihi asikilize tena. Kisha akakumbuka kwamba mwenye duka yuko njiani kuondoka, na hofu hiyo ikaizidi ile ya kwanza.

Angeweza kunyamaza. Watu wa spika wana visingizio tele: umeme mchafu, chumba kibaya, nyaya hazijazoea. Vingi amewafundisha yeye. Badala yake alishuka ngazi mbio, mbio zisizomfaa mtu wa tumbo lile, akamkuta mwenye duka mapokezi, anaagana na mhariri wa gazeti na wauzaji kadhaa.

"Rudi ukasikilize tena," alisema, pumzi zikimpaa. "Alichotengeneza shemeji yangu hujakisikia. Nimeziharibu mimi."

"Umeziharibu vipi?"

"Nilimwambia afungue sauti za juu mpaka mwisho. Mimi sauti za juu sizisikii tena." Akamgeukia mhariri. "Masikio yangu yamekwisha, mzee. Niliyokutumia leo asubuhi, usiyachapishe."

Watu walinyamaza. Hakimu alikuwa amezoea kunyamaziwa, lakini si hivi. Mmoja wa wauzaji alitazama saa yake. Aibu ilimpanda mpaka utosini, na alisimama nayo palepale mpaka mwenye duka alipoanza kupanda ngazi.

Juu, seremala alikuwa ameshavirudisha vitufe vilipokuwa mwanzo. Mwenye duka alikaa. Hakimu alisimama karibu na mlango. Wimbo ulipoanza alisikia kilekile alichosikia mwanzo, mwanamke wa karibu na gitaa butu, kwa hiyo akawatazama watu. Mkewe, ambaye hajawahi kumaliza wimbo mzima kwenye spika ya mtu, alikuwa ameacha mdomo wazi kidogo. Mabega ya mwenye duka yalishuka taratibu. Wimbo ulipoisha hakusema neno, alizungusha kidole hewani, kwamba santuri igeuzwe upande wa pili. Ilipomalizika na hiyo, aliinuka.

"Zilete dukani," alisema, na safari hii mkono wa seremala aliushika kwa mikono yake yote miwili.

Baadaye walibaki ndugu watatu tu, wanakunja nyaya. Mkewe alikuwa amemshika Hakimu kiwiko, hamwachii.

"Ulijua," Hakimu alimwambia shemeji yake.

"Uliposema bado."

"Na ulijua nani anakuja. Ungenyamaza, ungevirudisha nyuma, nisingejua. Kwa nini uliendelea kuzungusha?"

Seremala aliweka waya chini. Alijibu bila kumtazama.

"Nilidhani nikiongeza kidogo tena, na wewe utazisikia."