Kipimo cha Chumba cha Nyuma

Fundi Saa hakuwa na shahada, hakuwa na gari, hakuwa na meno matatu ya mbele, na tangu afiwe na mkewe hakuwa na mtu wa kumwambia, "Basi, yaishe." Zaidi ya yote hakuwa na kifaa cha kupimia mawimbi ya redio, na hicho alikihitaji kabla ya Jumamosi.

Jumamosi binti yake, mjamzito wa miezi saba, angehamia kwa wakwe. Mnara wa simu ulikuwa umesimamishwa nyuma ya nyumba, na majirani walimjaza binti hofu kwamba utamdhuru mtoto tumboni.

"Baba, wewe unatengeneza saa. Mambo ya minara umeyajulia wapi?"

"Nimesoma, mwanangu. Mawimbi yamewekewa kikomo cha usalama. Tujue tu kama mnara huu unakivuka."

"Na ukikivuka?"

"Nitakufungia mizigo mwenyewe."

Alikwenda mara tatu kuwasumbua watu wa mamlaka ya mawasiliano, hadi Alhamisi mkaguzi akaja na kifaa chake begani. Alipima uani, barazani, hata juu ya paa. Kote mawimbi hayakufika sehemu moja ya mia ya kikomo. Fundi Saa akawa anatembea kifua mbele kama bwana harusi.

Wakaingia chumba cha nyuma, anamolala binti. Binti aliposogea kuchungulia kifaa, tarakimu zikaruka.

"Haya, msomi!" mshonaji wa jirani alidakia dirishani. "Tuambie sasa!"

Fundi Saa aliinama, akavuta sanduku uvunguni, akaanza kukunja khanga za binti yake moja moja.

"Dada," mkaguzi aliuliza, "hiyo simu kiunoni imewashwa?"

"Mume wangu yuko hewani. Anasubiri matokeo."

"Hebu kata."

Alikata. Tarakimu zikashuka zikawa kama za uani.

"Simu iliyo mwilini inakufikia zaidi kuliko mnara ule," mkaguzi alieleza. "Na mtandao ukiwa hafifu, inajikaza zaidi. Lakini hata tarakimu ziliporuka, hazikufika kikomo. Ukiwa na wasiwasi, weka spika, iache mezani."

"Kumbe mtuhumiwa ni mume wangu!" binti akasema. Mshonaji akacheka mpaka akashika dirisha.

Mchana huohuo Fundi Saa aliandika barua kwa mamlaka, akaomba vipimo vya mtaa vibandikwe ubaoni watu wasome wenyewe.

"Hiyo ya kuruka usiiandike, mzee, utatutia aibu," mshonaji alimsihi.

"Kipimo ni kipimo," alijibu, akaiandika yote.

Binti aliisoma hadi mwisho, akaomba kalamu. Akatia saini kama shahidi, na penye makazi akaandika: *Chumba cha nyuma, kwa baba.*

Fundi Saa aliusoma mstari huo mara mbili. Kisha akaifunga bahasha kwa gundi, akabandika stempu, akaiwahisha posta kabla hawajafunga.