Injini Iliyokataa Kupoa

Siku ya tatu hiyo Idarous alikuwa akilaani chini kwa chini, na aliyelaaniwa ni pikipiki. Na pikipiki gani! Gurudumu la mbele hakuna, pana ubao mpana wa kutelezea. La nyuma hakuna, pana mkanda wa mpira wenye meno. Pikipiki ya theluji. Alikuwa ameinyanyua kwenye stendi ndani ya gereji yake ya Washwood Heath, huku ughaibuni, mvua inanyesha nje, nayo inachemka kwa mara ya tano.

"Mlaanifu we," aliiambia, akaizima.

Ilikuwa ya binti yake, Aida. Jumamosi angesafiri nayo hadi Norwe, kwenye milima ambako ukikwama huna wa kumwita. Alipoileta aliomba mambo mawili tu: oili ibadilishwe na mkanda ukazwe. Tangu awe mtu mzima hakuwahi kumwomba baba yake kazi yoyote ya mikono. Hata gari lake alilipeleka kwa mafundi wa mjini wenye mashati yasiyo na doa. Idarous alifurahi hadi akakosa usingizi. Kwa hiyo alipoijaribu, ikachemka ndani ya dakika kumi, hakumwambia. Angemwambia nini? Kwamba fundi wa vespa wa Darajani, Unguja, miaka thelathini kwenye spana, kashindwa?

Alibadilisha themostati, kile kidude cha kudhibiti joto la maji. Ikachemka. Akatoa hewa kwenye mipira ya maji, akabadilisha pampu. Ikachemka. Vidole vilimuungua, chai ikapoa bila kunywewa, na mteja mmoja kutoka Alum Rock, mtaa wa jirani, aliambiwa arudi kesho kwa sauti ambayo mteja haambiwi.

Mwishowe aliyageukia matambara yaliyokuja na pikipiki: vitambaa vyeusi, vizito, vimefungwa kuzunguka rejeta na ubavu wa injini, vimeziba kila mwanya. Nani mwenye akili timamu anaivisha rejeta koti? Kwao Unguja kazi nzima ya fundi ni kuitafutia injini upepo. Akavifungua, akavitupa pipani juu ya oili chafu, akaelekeza feni, akawasha. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa, na joto halikupanda. Idarous akacheka peke yake, akapiga makofi, akampigia Aida simu aje kuchukua mali yake.

Aida alifika na sare ya kazini, akaizunguka pikipiki mara moja.

"Baba, where are the covers?"

"Yale matambara? Nimeyatupa. Ndiyo yaliyokuwa yanaichemsha."

"It's supposed to get hot in here! There's no snow!" Kisha akaacha Kiingereza, jambo analolifanya akishikwa na hofu tu. "Baba, humu ndani lazima ichemke. Kule theluji inairukia injini njia nzima. Bila zile nguo inapoa sana. Inazima. Na mimi niko juu mlimani, peke yangu. Nilikutumia kitabu chake kwenye simu."

Kweli alikituma. Kurasa sitini za Kiingereza. Idarous alitazama jalada tu, akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Hasira ya siku tatu ikakosa pa kwenda. Pikipiki haikuwa na ubovu wowote. Aliyeiharibu ni yeye, tena kwa furaha. Akilini alimwona mwanawe kwenye weupe wa theluji, anawasha chombo kisichowaka, huku akiamini kuwa baba yake kakitengeneza.

"Na themostati nimebadilisha," alisema. "Na pampu."

Aida alifumba macho. "So is it ready or not?"

"Bado. Na hii, mwanangu, mimi siijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno hilo. Aida hakucheka wala hakumpoza. Alivuta kigoda, akaketi, akatoa simu, akakifungua kile kitabu.

"Kiswahili changu kibovu, Baba."

"Kitatosha. Anza mwanzo," alisema Idarous, akipangusa mikono. "Usiruke hata neno moja."