Jenereta ya Mtongwe

Tangu stima ilipopotea baada ya adhuhuri, Mwanarehema, mkunga wa zahanati ndogo huko Mtongwe, hakuwa ameondoka kwenye kiti. Alikuwa akibonyeza mfuko wa hewa usoni pa kichanga cha Salha, kilichozaliwa kimelegea na kushindwa kupumua chenyewe. Vidole vilikuwa vimemfa ganzi. Mashine ya oksijeni ilikuwa kimya, na ambulansi iliyoitwa ilikuwa bado ng'ambo, kwenye foleni ya feri.

Lililomuudhi zaidi ni jenereta. Ilinguruma uani, moshi wake ukiingia dirishani, lakini hakuna taa hata moja iliyowaka. Fundi Jafar aliingia akijipangusa grisi, akasema injini ni nzima.

"Nzima vipi, na umeme hakuna?" Mwanarehema aliuliza bila kuinua macho.

Jafar alimweleza taratibu. Umeme huzaliwa sumaku inapozunguka kando ya nyaya za shaba. Chuma kilicho ndani huhifadhi usumaku kidogo wa kuanzia, lakini jenereta hii ilikaa miezi bila kuwashwa, usumaku ukaisha.

"Mwendo upo, dada. Usumaku ndio haupo. Nipate betri, niurudishe."

Salha, aliyekuwa amejilaza kitandani akimtazama mwanawe, akasema kwa sauti ya chini kwamba pikipiki ya mumewe iko nje.

Jafar akaizima jenereta, akaifungua betri ya pikipiki hiyo, akaunganisha nyaya zake na mzingo wa shaba ulio ndani ya jenereta kwa muda mfupi tu, kisha akaiwasha upya. Feni ya darini ikajizoazoa, ikazunguka. Mashine ya oksijeni ikalia. Mwanarehema akauchomeka mpira wa mashine hiyo kwenye mfuko wa hewa, akaendelea kubonyeza. Ngozi ya mtoto iliyokuwa na rangi ya samawati ikaanza kupata wekundu. Baadaye kidogo mtoto akalia, kilio chembamba, naye Salha akalia pamoja naye.

Ambulansi ilipofika na kuwachukua mama na mtoto, Mwanarehema alijaribu kushika kikombe cha maji, vidole vikakataa kukunjika. Jafar akamshikia, naye akanywa.

"Kesho itawaka?" Mwanarehema aliuliza.

"Mkiiwasha mara kwa mara, inshallah."

Aliitikia kwa kichwa, akaegemea ukuta, akafumba macho. Hakuyafumba kwa muda mrefu. Mlangoni palisikika hodi; mama mwingine, mjamzito, alikuwa amesimama, ameshika kiuno. Mwanarehema akainuka.